Kwa nini mwenyeji aitwe skwota?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu. Nilipofundisha asili ya Wamijikenda, jamii tisa za pwani ya Kenya, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini babu yake, aliyezaliwa papo hapo walipozikwa wazee wake, huitwa skwota, yaani mtu anayekalia ardhi asiyo na hati yake. Nilikosa jibu. Nianzie wapi?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, swali hilo linastahili jibu la wazi. Anzia mwaka 1908, serikali ya kikoloni ilipotunga sheria iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili 10 wa mwambao apeleke madai yake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Sheria hiyo haikutambua umiliki wa pamoja wa Wamijikenda. Hati zikatolewa kwa wengine, wakiwamo matajiri wa hapa mjini kwetu Mombasa, na mkulima akajikuta skwota juu ya makaburi ya wazee wake. Nakuomba usimwambie mtoto kwamba babu zake walizembea kujiandikisha, kwani maelezo hayo humtwika kosa aliyedhulumiwa.

Kisha mrudishe nyuma zaidi, kwenye kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda. Simulizi za wazee zinaeleza kwamba jamii za Wamijikenda zilihama kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, zikajenga miji yenye maboma ndani ya misitu, na kila mji ukawekewa fingo, yaani kago la kuulinda. Watu walipotoka kwenda kulima kwingine, kaya zilibaki mahali pa maziko na matambiko ambapo kukata mti ni mwiko, na kwa sababu hiyo misitu hiyo ingali imesimama ilhali pembeni yake pamefyekwa. Mwaka 2008 sehemu kadhaa za misitu hiyo ziliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Wakoloni nao waliijua nguvu ya kaya: mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani, kuwahamasisha Wagiriama kwa viapo, waliilipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti.

Mkiweza kusafiri, Kaya Kinondo iliyoko Kwale hupokea wageni. Mtajifunga kaniki, mtamfuata mzee, wala hamtaokota hata jani. Kabla ya safari, kila mtoto awaulize wazee wa nyumbani majina ya miti, mipaka ya mashamba ya zamani na nani alizikwa wapi, ayaandike. Na babu wa mwanafunzi huyo awe wa kwanza kualikwa darasani, naye umpishe kiti chako.