Fuata petroli kuanzia tangini

Wewe uliyeingia gereji juzi, pikipiki ikiletwa inakohoa na kuzima, mkono utakimbilia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Uzuie. Petroli ina njia yake kutoka tangini hadi kwenye jeti, vile vipande vyenye tundu dogo ndani ya kabureta, na fundi anaifuata njia hiyohiyo, akianzia juu.

Tafuta chupa safi ya kuonyesha ndani. Injini iwe imepoa, na asiwepo anayevuta sigara wala kuchomelea vyuma. Kwenye mabanda yetu ya jua kali jirani huwa anachomelea mchana kutwa, basi mwombe asimame kwanza. Chomoa paipu pale inapoingia kwenye kabureta, iingize kwenye chupa, fungua koki, ile ya petroli chini ya tangi, kisha tazama kwa dakika nzima. Wengi hutazama sekunde tano tu, wakaona petroli inamwagika, wakaamua kwamba tangi halina shida.

Nililetewa boda moja kutoka mtaa wa Kariobangi. Asubuhi inawaka vizuri, ikipanda mlima inazima, ikipumzika dakika kumi inawaka tena. Mwenyewe alikuwa ameshanunua kabureta mpya, pesa ya siku kadhaa za kazi, na ugonjwa haukuisha. Kwenye chupa mkondo ulianza na nguvu, ukawa uzi, ukawa matone. Nilipofungua kifuniko cha tangi, hewa ilivutwa ndani fyuuu, na mkondo ukarudi palepale. Chini ya kifuniko alikuwa amepachika kipande cha tyubu kuzuia maji ya mvua, kikaziba tundu la kupumulia. Petroli haishuki kama hewa haiingii kushika nafasi yake. Iliniuma sana, kwa sababu kabureta yake ya zamani ilikuwa nzima.

Usiimwage hiyo chupa bado. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Msimu wa mvua Nairobi utakutana nayo sana. Ukiona vumbi la rangi ya matofali, hiyo ni kutu. Safisha tangi na chujio la koki kwanza, la sivyo jeti utakazozisafisha leo zitaziba tena kesho.

Mkondo ukiwa mzuri, sasa shuka kwenye kabureta. Legeza skrubu ya kutolea petroli chini ya bakuli la kabureta. Ikitoka kidogo kisha ikakauka huku koki iko wazi, sindano ya fluti imekwama; fluti ni boya linaloelea bakulini, na sindano yake ndiyo hufungua na kufunga petroli. Ikiwa badala yake kabureta inafurika, sindano imelika, ina uchafu, au fluti imetoboka: itikise karibu na sikio, usikilize kama kuna petroli ndani.

Pikipiki inayobaki ikiwaka ukivuta choki tu, ile inayopunguza hewa injini ikiwa baridi, na ukiirudisha choki inazima, shuku jeti ndogo. Ikilia vizuri imesimama lakini haivuti mlimani, angalia jeti kubwa. Usizichokonoe kwa waya, nakusihi. Tundu la jeti ndogo halifiki hata nusu milimita, na ukilipanua hujalizibua, umeiharibu jeti. Pulizia hewa ya kompresa, kisha iinue uelekeze kwenye mwanga: utaona nukta ya duara, safi pande zote.

Na ile skrubu ya hewa ya kabureta, kabla hujaitoa, ikaze polepole mpaka iguse mwisho ukihesabu mizunguko. Andika hesabu hiyo kwa chaki, ukiirudisha uifungue kwa mizunguko ileile.