Mjakazi wako atoroke kwa nini hasa?

Dadangu, unauliza mbona wasomaji wa riwaya yako hawamwamini mjakazi wako wa Lamu anayetoroka "kutafuta uhuru". Neno hilo kubwa mno. Mpe haja ndogo. Mwanawe kapelekwa mashamba ya mtama Malindi, basi. Tuonyeshe kwanza akishika mti wa shiraa, lile hema la nguo wajakazi walilombebea bibi yao akipita vichochoroni: mkono umekufa ganzi, na siri zote za bibi anazisikia. Hapo pana riwaya! Ila angalia mwaka. Utumwa pwani ya Kenya ulipigwa marufuku 1907. Baada ya hapo hana haja ya kutoroka, lakini atakula wapi? Mimi ningeandika hiyo ya pili, ya baada ya marufuku. Bibi naye usimfanye shetani mtupu, ana hofu zake. Ukimaliza sura ya kwanza nitumie niisome.