Maswali ya Shamba: Pakiti inasema mbegu ni kinzani, mbona tikiti linanyauka?

Hamjambo wahariri. Nalima matikiti Kitengela. Nilinunua mbegu chotara ya bei ghali, pakiti imeandikwa "HR Fon: 1", nikaambiwa haishikwi na mnyauko. Sasa mimea inanyauka mmoja baada ya mwingine, ikianzia upande mmoja. Nimeuziwa mbegu bandia?

Si lazima. Chukua shina linalonyauka, ulikate kwa wembe kwa mshazari karibu na udongo. Ukiona mirija ya ndani imekuwa kahawia ilhali nje bado kijani, huo ni mnyauko wa fuzari, ukungu unaoingilia mizizini na kuziba njia ya maji.

Sasa isome pakiti vizuri. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kadiri, na Fon ni kifupi cha jina la ukungu huo. Namba inayofuata ndiyo muhimu: fuzari ya tikiti ina aina 0, 1, 2 na 3, na mbegu yako iliahidi kuzuia aina 1 peke yake. Aina 2 ikiwamo shambani, ahadi hiyo haikusaidii. Na hata HR hulemewa udongo ukijaa ukungu.

Mipaka hii ni ya zamani. Mwaka 1911, W. A. Orton wa Marekani alitoa tikiti la Conqueror baada ya kuchanganya tikiti tamu na tikiti gumu la kulisha mifugo. Lilistahimili mnyauko, ila wateja hawakulipenda. Crimson Sweet, iliyotolewa Kansas mwaka 1963, ilileta utamu pamoja na ukinzani, lakini aina 2 huiangusha vilevile.

Ukungu huu hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo kupumzisha shamba misimu miwili hakutoshi. Dawa yetu ni kupandikiza tikiti juu ya mche wa kibuyu, ambao mizizi yake haishikwi na ukungu huu. Sia kibuyu siku 5 hadi 7 kabla ya tikiti. Kikianza kutoa jani la kwanza la kweli, ng'oa kichipukizi cha katikati chote, toboa hapo kwa kijiti kilichochongwa, kisha chomeka kijimche cha tikiti ulichokinoa kama kabari. Funika kwa nailoni kivulini, pawe na unyevu mwingi, siku 5 hadi 7, halafu fungua kidogokidogo. Ukihamishia shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, tikiti litatoa mizizi yake lenyewe na ukungu utapita hapo. Angalia pia minyoo fundo, ile inayotia mafundo mizizini, kwani kibuyu hakiiwezi.

Matango yangu ya greenhouse, Ruai, yana mabaka ya njano yenye kona kona. Mbegu ni "HR Px".

Px ni ubwiri unga, ule wa vumbi jeupe. Wako ni ubwiri mwingine, ubwiri vinyoya, ambao kifupi chake ni Pcu. Geuza jani asubuhi na mapema: chini ya mabaka utaona manyoya ya kijivu yanayoelekea zambarau, na baka haliruki mshipa wa jani. Huu unahitaji jani lenye maji. Mwagilia kwa matone, asubuhi si jioni, na fungua pande za greenhouse hewa ipite.

Mimi ni mama wa malenge, Kiambu. Shina moja limebaki safi wakati mengine yote yamejaa unga mweupe. Niweke mbegu zake?

Weka, mama, ila usizitangaze bado. Huenda shina hilo ni changa tu, kwani unga huanzia kwenye majani mazee yenye kivuli.

Tatizo kubwa ni nyuki. Lenge ambalo kikonyo chake ni kigumu, chenye pembe tano na kinachopanuka pale kinaposhika tunda, ni la jamii moja na butternut, na yatachanganyika. Tunda la leo halibadiliki. Mbegu zake ndizo hubadilika.

Kwa hiyo chavusha kwa mkono. Jioni tafuta ua jike, lile lenye kijilenge chini yake, na maua dume mawili ya shina hilohilo, yote yenye ncha za njano lakini hayajafunguka. Yabane kwa utepe. Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, kata ua dume, menya petali zake, paka chavua katikati ya ua jike, ulibane tena na ufunge uzi mwekundu kwenye kikonyo. Nyuki akikutangulia, achana na ua hilo.

Msimu ujao panda mbegu 20 kando ya mstari wa lenge lako la kawaida, bila salfa kote. Unga huchelewa kuonekana, mara nyingi baada ya matunda kushika, kwa hiyo bana maua ya mimea mingi mapema, kisha ubakize matunda ya ile iliyobaki safi peke yake. Mmea wenye majani yaliyokunjamana na madoadoa ya virusi, au shina linalotoa gundi, usichukue mbegu zake hata ukizaa vizuri: magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu.

Lenge lililovunwa likae mwezi mzima mahali pakavu kabla ya kupasuliwa. Ukilipasua, onja kipande kidogo kibichi na uteme. Likiwa chungu, litupe pamoja na mbegu zake, maana uchungu huo ni sumu.