Fadhila za meneja na saini ya stoo

SWALI: Ni mwaka wa tatu sasa nikiwa mtunza stoo katika kampuni binafsi ya ujenzi. Mwezi uliopita lori lilishusha mifuko 460 ya saruji ilhali hati ilisomeka 500, na meneja akaniamuru nitie saini. Nilitia. Wiki hii anataka nirudie. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi nilipokuwa sina mbele wala nyuma, hivyo nikikataa nitaonekana nina fadhila za punda. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, meneja anakudai shukrani, na deni hilo unaweza kulilipa kwa bidii, kwa heshima, hata kwa kwenda kumjulia hali akiugua; ila huwezi kulilipa kwa saruji, kwa sababu saruji hiyo si yako wala si yake. Saini ya mtunza stoo inasema jambo moja tu, kwamba nimehesabu na hesabu ni hii. Mhasibu hulipa kwa kuiamini. Pengo la mifuko 40 nalo huweza kuzibwa kwa kupunguza saruji kwenye zege, na hapo anayeponzwa ni yule atakayelala chini ya dari hilo.

Kisheria una pa kusimama. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kukataa kutenda jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kulitaka si sababu halali ya kuachishwa kazi. Ukiachishwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kinga hiyo haimfikii aliye chini ya miezi 6 kazini, nawe umeshaivuka. Lakini kumpotosha mwajiri kwa hati ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na jina lililo kwenye hati ni lako.

Lori lijalo, hesabu mbele ya dereva, andika idadi uliyopokea kwenye nakala zote, ndipo utie saini. Usimsute meneja mbele za watu. Mwambie faraghani, kwa adabu yako ya siku zote, kwamba utaandika kilichoshuka. Kuhusu ile mifuko 40 ya kwanza, onana na wakili au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kisha umweleze mkurugenzi kwa maandishi kabla wakaguzi hawajaingia stoo.