Sigara nayo iwe na leseni yake

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: nini kifanyike ili watoto waache kuuziwa sigara mitaani? Nina duka Kaptembwa, hapa Nakuru, na jibu langu ni kwamba kaunti ianzishe leseni ya kuuza tumbaku, tofauti na kibali cha kawaida cha biashara, na anayemuuzia mtoto anyang'anywe.

Sheria tunayo. Ile ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Inakataza hata kuuza moja moja: pakiti isipungue sigara 10. Lakini pita kwenye vibanda vya njia ya shule jioni uone. Pakiti iko wazi kando ya mtungi wa peremende, kiberiti kinaning'inia kwa uzi dirishani. Mtoto aliyebakisha chenji ya mandazi anapata sigara yake. Angeambiwa anunue pakiti nzima, wengi wangeshindwa papo hapo.

Nikimkatalia mtoto, huniambia, "Nimetumwa na baba." Huenda ni kweli. Namwambia baba aje mwenyewe. Baba haji, na mtoto namwona akikata kona kwenda kwa jirani, na siku hiyo unga na sabuni za nyumba ile zinanunuliwa huko huko. Anayefuata sheria ndiye anayepoteza mteja! Jirani hana cha kuogopa, maana kibali chake kimebeba kila kitu, na ni afisa gani atafunga duka zima la mtu kwa sababu ya sigara moja? Leseni ya tumbaku ingempa afisa wa afya adhabu anayoweza kuitoa bila kusitasita: duka libaki, sigara ziondoke.

Kwa pombe tumeshazoea. Sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliitaka baa iwe na leseni yake na ikae angalau mita 300 kutoka shule. Na Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya leseni za biashara pamoja na huduma za afya. Kwa nini bia iwe na leseni na sigara isiwe nayo?

Jiji la San Francisco, Marekani, lilipitisha mwaka 2014 kikomo cha leseni 45 za tumbaku kwa kila wilaya, kwa sababu mitaa ya watu wa kipato cha chini ilikuwa imejaa maduka ya sigara kuliko ya matajiri. Nani hapa atabisha kwamba kati ya Kaptembwa na Milimani, mtaa wa matajiri hapa Nakuru, mambo ni vivyo hivyo?

Najua mtasema leseni italeta hongo. Basi cheti kibandikwe ukutani, na orodha ya wenye leseni iwekwe kwa chifu, mzazi yeyote aisome na kuripoti. Ada isipotelee kwenye mfuko mkuu wa kaunti, ilipe wakaguzi.

Wachuuzi wa trei pale steji ndio kazi ngumu. Wengine ni majirani zangu na wanalisha familia. Hata hivyo, asiye na mahali pa kudumu asipewe leseni, kwa sababu hakuna atakayemkagua. Abaki na njugu, peremende na maji.