Saini za barua pepe: usipite na flashi meza kwa meza

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa kompyuta katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Tuna kompyuta sitini na kitu, na barua pepe zetu ziko Microsoft 365. Bosi aliwahi kuwatumia watu wote mfano wa saini, yaani yale maandishi ya jina, cheo na simu yanayokaa chini ya barua, ili kila mmoja ajinakilie. Sasa kila mtu ana ya kwake: mmoja kaweka maandishi mekundu, wengine bado wana nembo ya zamani, na mwenzetu aliyehamishwa kutoka mauzo kwenda nyaraka bado anajulikana kama Afisa Mauzo. Juzi mteja wa Lubumbashi kapiga namba iliyo chini ya barua yetu, akapokelewa na mtu aliyeacha kazi kitambo. Bosi anataka saini zote zifanane ifikapo mwisho wa mwezi. Nipite meza kwa meza na flashi, au kuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Flashi iache kwenye droo. Ukipita meza kwa meza utamaliza Ijumaa, Jumatatu mmoja apandishwe cheo, mwingine abadilishiwe laptopu, nawe uanze upya.

Outlook, programu ya Microsoft ya kusomea na kuandikia barua pepe, ile ya zamani ya Windows, huweka saini ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye folda iitwayo Signatures iliyofichwa ndani ya AppData ya kila mtumiaji. Kila saini huwa na mafaili matatu: la htm, la rtf na la txt. Wapo wanaoandika skripti, yaani programu fupi, ya kuijaza folda hiyo kila mtu anapowasha kompyuta asubuhi, na kwa miaka mingi ilitufaa. Lakini Outlook mpya haiisomi kabisa, saini zake zinakaa mtandaoni pamoja na sanduku la barua. Na simu ya mkurugenzi wako haijui hata kama folda hiyo ipo. Kwa hiyo saini ibandikwe kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayopitisha barua zenu zote, barua ikiwa inatoka, iwe imeandikwa kwenye kompyuta, simu au kivinjari.

Ila kabla hujaigusa seva, nenda utumishi. Seva itachukua jina, cheo na simu kutoka kwenye akaunti ya kila mfanyakazi, na kilichoandikwa humo ndicho mteja atakachokiona. Wengi wanaruka hatua hii, halafu barua zinatoka zimeandikwa "Simu:" na mbele yake hakuna kitu. Chapisha orodha nzima, keti na afisa utumishi, mpitie mstari kwa mstari. Waliohama idara muwahamishe, walioacha kazi akaunti zao zifungwe. Namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja, zikianza na +255, na ile sifuri ya mwanzo iondoke: 0754 inakuwa +255 754. Mteja wa Lubumbashi akibonyeza 0754 kwenye simu yake, simu itadhani ni namba ya huko huko kwao. Na mwanangu, namba binafsi ya mfanyakazi usiibandike bila ridhaa yake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, binti wa mapokezi hapaswi kupigiwa na wateja saa nne usiku. Kampuni itoe laini ya kazi. Laini ya kazi hubaki ofisini mtu akiondoka, na shida yenu ya juzi haitajirudia.

Sasa ingia kwenye usimamizi wa Exchange, ndiyo seva ya barua ya Microsoft 365, sehemu ya mtiririko wa barua, utengeneze kanuni: mtumaji awe wa ndani, mpokeaji awe wa nje, maandishi yaongezwe mwishoni mwa barua. Panapotakiwa jina andika %%DisplayName%%, cheo %%Title%%, simu ya mkononi %%MobileNumber%%. Una nafasi ya herufi 5,000 tu, pamoja na alama zote za HTML, zile zinazopanga mwonekano wa saini, kwa hiyo nembo iweke kwenye tovuti yenu na saini iivute kutoka huko. Kanuni itakuuliza pia ifanye nini ikishindwa kubandika, mathalani barua ikiwa imefungwa kwa usimbaji, yaani imegeuzwa kuwa maandishi ya siri. Chagua ipuuze. Ukichagua ikatae, barua ya mteja haitoki.

Panga saini kwa jedwali la kawaida, maana tangu toleo la 2007 ile Outlook ya zamani ya Windows huchora barua kwa mitambo ya Word, na mapambo ya kisasa huvurugika humo. Tafadhali sana, usitengeneze saini nzima kama picha moja. Naziona kila siku: namba imo ndani ya picha, mteja hawezi kuibonyeza wala kuinakili. Nembo yenye maandishi meusi na mandhari wazi nayo hupotea kwenye simu iliyowekwa mandhari nyeusi, basi ipe ukingo mweupe.

Mweleze bosi mapema kasoro za njia hii. Mtumaji haoni saini anapoandika wala kwenye barua zilizotumwa. Mkijibizana, saini huangukia chini kabisa, baada ya mazungumzo yote ya zamani. Weka sharti kwamba kama mstari wa anwani yenu, ule wenye S.L.P., tayari umo ndani ya barua, saini isiongezwe tena, na wafanyakazi wazoee kuandika majina yao wanapojibu. Kama bosi anataka saini ikae chini ya kila jibu, kuna huduma za kulipia kama Exclaimer na CodeTwo. Zinafanya vizuri, ila hulipiwa kwa hesabu ya watumiaji, hivyo uamuzi ni wake.

Anza kwa kujiwekea kanuni wewe peke yako. Jitumie barua Gmail na Yahoo, uifungue kwenye simu na kwenye kompyuta, ndipo uiwashe kwa idara moja. Siku ya kuiwasha kwa wote, waombe wafute saini zao za zamani, pamoja na ule mstari unaotangaza kuwa barua imetumwa kutoka iPhone. Wasipofuta, mteja ataona saini mbili.

SWALI: Sisi ni shule, tunatumia Google Workspace. Maelezo kama hayo yanatufaa?

JIBU: Nusu yake. Msimamizi anaweza kuweka kijachini, yaani maandishi ya mwisho wa barua, kwa kila barua inayotoka, hata tofauti kwa kila kitengo, lakini maandishi hayo hayabadiliki. Hayachukui jina wala cheo cha mwalimu. Wekeni humo jina la shule, anwani na simu ya ofisi, kila mwalimu aandike jina lake na somo kwenye mipangilio ya Gmail. Mkitaka yote yajazwe kutoka kwenye orodha, tafuteni mtu anayejua kuandika programu ya kuzungumza na Gmail kupitia API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuiagiza Gmail.