Jibu: Kiharusi kwa kijana asiye na presha

Bi dada, umeuliza vipi kakako wa miaka 29, hana presha wala sukari, apatwe na kiharusi, na majirani huko Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, washasema ni jini. Poleni sana. Si jini. Kwa vijana, mara nyingi kasoro huwa kwenye mishipa yenyewe. Wengine huzaliwa na fundo la mishipa ubongoni: ateri (mishipa itoayo damu moyoni) zimeungana na vena (mishipa irudishayo damu moyoni) moja kwa moja, bila vimishipa vya kati vya kupunguza kasi ya damu. Likipasuka, damu humwagika ubongoni. Wengine ukuta wa ateri ya shingo huchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, bonge likapanda ubongoni na kuziba mshipa. Ajali huleta hilo, hata shingo kupinduliwa ghafla, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi mpaka mifupa ilie. Mwulize kama aliumwa shingo upande mmoja karibuni, mkamwambie daktari.

CT (picha ya kompyuta ya ndani ya mwili) ya kawaida ya kichwa yaweza isionyeshe mchaniko huo, kwa hivyo ulizieni picha ya mishipa ya shingo na kichwa. Na tafadhali, asikandwe shingo! Uso ukipinda tena au ulimi ukiwa mzito, msingoje kuche ndipo mvuke kivuko kwenda hospitali. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT kuhakikisha hakuna damu iliyovuja.